Ndege mbili za vita vya zamani kugongana juu, kwani rubani hakuona?

Mtoto wa Kisauni
Asalaam aleikum wajameni. Mie nakaa karibu na uwanja wa ndege, ile ndege ndogo ya mwanzo ya Pemba ikishapita juu ya bati najua watoto washachelewa skuli. Sasa jana usiku nimeitizama tena video ya Dallas, Marekani, Novemba 12, 2022, maonesho ya ndege za vita vya pili vya dunia, ile ndogo P-63 inakuja imelalia kushoto inaivaa B-17 ubavuni nyuma ya bawa, kubwa ikakatika palepale, watu sita wamekufa. Wallahi sikulala. Suala langu, mchana kweupe, ndege ya injini nne vile, rubani haioni vipi??

Nahodha wa Mkoani
Waaleikum salaam. Mie si rubani ila baharini nimekaa miaka, kutoona nakujua. Tanga likijaa upepo, upande wa demani, ule upepo unakoelekea, huoni kitu, lazima mtu achutame achungulie kwa chini. Yule wa P-63 ndo hivohivo, kalaza ndege, pua na bodi ya ndege yake mwenyewe vimemziba. Na jengine, chombo kinachokuja kukugonga hakisogei machoni, kimekaa palepale tu kama kimegandishwa, kinakua kidogokidogo halafu ghafla kimejaa. Kinachotembea mbele au nyuma hicho kitakupita.

Ummu Sabra
Sawa nahodha lakini tusiyatupie lawama macho ya marubani. Ripoti ya wachunguzi wa Marekani, NTSB, ilotoka 2024 kosa imeliweka kwengine. Juu kulikuwa na ndogo tatu, P-63 ya mwisho, na kubwa tano B-17 ndo inaongoza, na chini yupo mtu na redio anawapanga hukohuko wakiwa hewani. Kikao cha asubuhi kabla ya kuruka hawakupangiana kimo, nani akae juu nani chini, hilo hasa ndo linaniuma! Yule wa redio akawaambia wadogo wapite mbele ya wakubwa waingie mstari wa futi 500 kutoka kwa watazamaji, wakubwa wende mstari wa futi 1,000, yaani wadogo wakatishe njia ya wakubwa, na kuepukana wategemee macho tu. Rubani wa tatu huyo macho yake yapo kwa mwenzake wa mbele anaemfata, atizame wapi tena?

Kijana wa Chake
Duxford Uingereza Julai 2011 ndege mbili za vita za zamani, P-51 na Skyraider, ziligongana pia, wa P-51 akaruka na parachuti, wa Skyraider akatua na ncha ya bawa haipo, wote wazima alhamdulillahi

Mtoto wa Kisauni
Ahsanteni sana. Nimerudi kuitizama nikiwa na maneno ya nahodha kichwani, na kweli B-17 haiyumbi hata kidogo, inakwenda zake moja kwa moja, ile nyengine imetokea nyuma yao. Watano mule ndani hawakujua kitu. Na walikuwa watu wa kujitolea, wanazipenda tu hizo ndege. Mungu awape subra jamaa zao.