Ukali ni wa kuzaliwa nao au wa kufundishwa? Tupeane uzoefu

Mfugaji_Chotara: Wakuu habari. Majogoo wangu nimewatotolesha kwa mashine, hawajawahi kuona jogoo mkubwa maishani, ila walivyoanza tu kuota upanga wakapigana mpaka damu, sasa nani kawafundisha? Halafu matetea nao wakawa wanadonoana manyoya vibaya, daktari wa mifugo akaniambia banda limejaa, nipunguze idadi niwatundikie na majani, na kweli wakatulia. Kuku ni walewale! Leteni stori zenu, za wanyama hata za watu.

Mwana_Kigoma: Mzee wangu alikuwa akitembeza wageni Gombe, ile hifadhi ya sokwe, kwa hiyo hizi stori nimekua nazo. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika 1960 akawaona sokwe wapole kabisa, kuja 1974 mpaka 1978 kundi la Kasakela likawa linawavizia madume wa kundi la Kahama mmoja mmoja mpaka wakaisha, na walikuwa kundi moja kabla hawajagawanyika, yaani waliuana wanaojuana. Kuna waliosema ndizi walizokuwa wanapewa kambini kwa watafiti ndo ziliwaharibu, ila 2014 watafiti walikusanya data za jamii 18 za sokwe Afrika, mauaji 152 ya kuonwa na kushukiwa, na hayakufuata wapi binadamu kawaingilia sana. Kwangu ni asili.

Nyani_wa_Mara: Mkuu hapo bado, hesabu hiyohiyo bonobo wa Kongo walipatikana na tukio moja tu la kushukiwa, na ni ndugu wa karibu kabisa wa sokwe. Huku kwetu Kenya nyani waliokuwa wakifuatiliwa na mtafiti Robert Sapolsky, miaka ya 80, madume wakali walioenda kugombania mabaki kwenye jalala la loji walikula nyama yenye TB wakafa, wakabaki majike na madume wapole. Madume wageni waliohamia baadaye nao wakashika upole wa pale!

Mwl_Chekechea: Watoto wa miaka miwili wanauma na kupiga na hakuna aliyewafundisha, wakishajua kusema "nipe" inapungua yenyewe. Nilikuwa na mmoja haikupungua kabisa, kumbe kila siku anaona mama yake anapigwa. Alipohamishiwa kwa bibi akaacha taratibu, ila ilichukua muda jamani.

Mfugaji_Chotara: Asante mwalimu, hiyo imenigusa. Wenye mbwa wa kufungwa mnyororo mchana kutwa, hebu semeni na nyie.