Klasi ya Gawio irithi kutoka wapi: list, tuple au Mpangilio?

Chinangali
Habari wakuu. Naandika moduli ya Python ya kombinatoriki (hisabati ya kuhesabu na kuorodhesha michanganyiko), itumike kufundishia hapa Dodoma. Nina `class Mpangilio(list)`, kisha `class Gawio(Mpangilio)`, maana mpangilio ni namba iliyovunjwa kuwa jumla ya namba kamili chanya, mfuatano ukihesabiwa, na kila gawio (mfuatano hauhesabiwi) naliandika kama mpangilio ulioshuka, kubwa kwanza. Sasa `Gawio([3,2])` inakataa kuingia kwenye set (`TypeError: unhashable`), na `geuza()`, inayorudisha `type(self)(self[::-1])`, inanipa Gawio la 2,3. Nirekebishe wapi?

Ipagala
Mkuu, hayo ni magonjwa mawili. La kwanza ni list: inabadilika, kwa hiyo haina hash (namba ambayo set na dict hutumia kutafutia kitu). Tena mtu akiita `append(5)` unabaki na [3,2,5] na hakuna kinacholalamika. Usikimbilie kurithi tuple: `Gawio((3,2)) == Mpangilio((3,2))` itakuwa True, hivyo kwenye dict moja litafuta thamani ya mwenzake, na `p + q` itakurudishia tuple ya kawaida. Ifiche tuple ndani, `self._v`, halafu `__eq__` ilinganishe klasi kwanza. Ukiandika `__eq__` ukasahau `__hash__`, Python inaiondoa kimyakimya na unarudi palepale.

Nkuhungu
Kuhusu geuza: chukua nyanya 5 pale soko la Majengo, fungu la 3 na fungu la 2. Ukiyabadilishia nafasi mezani, gawio ni lilelile. Mpangilio ndio unaojali nani kakaa kushoto. Ndiyo maana 5 ina magawio 7 lakini mipangilio 16. Gawio linafanana na mpangilio kwa data, si kwa tabia. Wafanye ndugu chini ya klasi dhahania yenye urefu, jumla na kupitia sehemu, basi. `geuza()` ibaki kwa Mpangilio. Kupindua mchoro wa Ferrers (kila sehemu ni safu ya nukta; safu zinageuzwa nguzo) kubaki kwa Gawio. Kutoka huku kwenda kule iwe mbinu ya wazi, `g.kama_mpangilio()`.

Chinangali
Nimeelewa. Ukaguzi kwamba sehemu zinashuka niuweke kwenye `__init__`? Magawio ya 50 ni 204,226, naona unachelewesha.

Ipagala
Uweke, na hoja `kagua=True`. Jenereta yako tu ndiyo ipitishe False, kwa kuwa inachotoa kimeshashuka. SageMath, programu huria ya hisabati, inafanya hivyo kwenye klasi yake `ClonableArray`. Ukitaka kubadilisha kitu unaandika `with p.clone() as q:`, na ukaguzi unafanyika ukitoka kwenye bloku.

Kingine: seti iwe na klasi yake. `Magawio(n)` ijue kuhesabu na kuorodhesha, `Gawio` ijue sehemu zake tu. Na idadi isipatikane kwa kuorodhesha. Magawio ya 100 ni 190,569,292: kwa fomula ya Euler ya namba za pembetano jibu linakuja papo hapo, kwa kuorodhesha chai itapoa mezani.