Maneno marefu ya Kinorwe yanakatwa wapi mstari ukiisha?

KaratasiNaWino: Wasee naomba msaada. Nafanya dizaini hapa tao, nimepewa brosha ya watalii wa kutoka Norwe, kolamu ni nyembamba na maneno yao hayaingii. Kinorwe sijui hata salamu kwa hivyo nikakata vile tunakata Kiswahili, kila silabi iishe na vokali. Mteja amenirudishia imejaa wino mwekundu. Neshorn, yaani kifaru, nilikata ne-shorn, yeye ameweka nes-horn. Sasa sh si ni sauti moja? Kazi inaingia mashine kesho jioni na sitaki kubahatisha lugha ya watu.

MwalimuWaSouthB: Ndugu, achana na masikio kwanza, tafuta maungio. Neno refu la Kinorwe ni maneno mawili matatu yameshikanishwa, unakata pale yaliposhikana. Nese ni pua, horn ni pembe, kifaru kwao ni pembe ya puani, hiyo s na h zimekutana tu njiani, si sh yetu ya shamba. Kiboko ni flodhest, flod ni mto na hest ni farasi, kwa hivyo flod-hest, na najua mkono wetu utataka flo-dhest ukiona dh kama ya dhahabu. Nasjonal-park hiyo rahisi. Overnattingssted ni mahali pa kulala, sted ndio mahali, na ile s ya kwanza ni gundi, gundi hubaki na neno la mbele: overnattings-sted.

Neno likiwa moja tu bila maungio, konsonanti moja ndio inashuka mstari wa chini na vokali yake, elefan-ter, lø-ve. Lakini sj usiitenganishe, hiyo kweli ni sauti moja.

KaratasiNaWino: Asante sana mwalimu. Na nattog? Mteja ameandika natt-tog, ameongeza t, au kalamu iliteleza?

DadaWaPrufu: Haijateleza. Natt ni usiku, tog ni treni, zikiungana zingekuwa t tatu na Kinorwe hakiandiki konsonanti tatu za aina moja zikifuatana, kwa hivyo moja inamezwa. Ukikata mwisho wa mstari ile iliyomezwa inarudi. Busstopp pia, buss-stopp. Hizo zipitie moja moja kwa macho yako, usiachie kompyuta. Halafu weka lugha ya maandishi iwe bokmål, au nynorsk kama ndiyo mteja anatumia (hizo ni aina mbili za Kinorwe cha kuandika), la sivyo programu itakukatia kwa sheria za Kiingereza. Tumia kile kistari laini kinachojificha neno likirudi kuwa mstari mmoja, sio kistari cha kawaida.

Na tafadhali kistari kisipotee ukaacha nafasi tupu. Røykfritt kwa chumba cha hoteli ni hakuna kuvuta sigara, ukiandika røyk fritt umemwambia mgeni avute apendavyo. Mimi hilo neno hata silikati, napunguza fonti kidogo liingie zima.

KaratasiNaWino: Aki mmeniokoa. Nimerudia kurasa mbili, landsby nilikuwa nimeifanya land-sby, kumbe ni kijiji, na s ni ile gundi, nimeweka lands-by. Narudi kwa nattog sasa, ziko nne.