Mrejesho: ubao wa tanga na mawe ya Goma

Wandugu, asanteni sana. Niliuliza namna ya kulinda ubao wa tanga (ubao wa kusimama na kuteleza majini kwa tanga na upepo) hapa Goma, ambako ukingo wa Ziwa Kivu umejaa mawe makali ya volkano, mengine ya lava iliyofika ziwani mwaka 2002. Ushauri wenu umefanya kazi! Ubao haugusi jiwe tena: tunaulaza juu ya matairi ya zamani, kisha tunaubeba watu wawili hadi majini. Mlingoti tunauelekeza upepo unakotoka, ili upepo usiingie chini ya tanga na kulipindua. Tukimaliza tunaliviringisha tanga na kuliweka kivulini, maana jua linachosha plastiki yake mpaka ipasuke. Ubao ulikuwa na ufa mkiani; niliuacha ukauke kabisa, ndipo nikauziba kwa epoksi, gundi inayokauka na kuwa ngumu. Sasa natafuta mfuko wa ubao. Anayemjua fundi mzuri wa turubai katika mitaa ya Birere au Virunga hapa Goma, anielekeze tafadhali.