Tupeane uzoefu: saratani ya mlango wa kizazi, mambo huharibikia wapi hasa?

NesiWaZamu
Wadau, kuna sauti inazungushwa kwenye makundi ya mtaa leo, eti siki ya kachumbari inatibu saratani ya mlango wa kizazi. Mtu kasikia "kipimo cha siki", akamalizia mwenyewe. Mlioko vyumba vya uchunguzi, maabara, chanjo na wodini, wekeni hapa mnachokiona kila siku. Hotuba tuwaachie wageni rasmi, nataka vitu vya mezani.

Naanza mimi. Siki ile ni ya kupimia tu, haitibu; ni asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5. Spekula (kifaa cha kufungulia uke) ikishakaa na mlango wa kizazi ukaonekana wote, unafuta ute kwa pamba, unapaka siki, unaangalia saa. Dakika moja kamili, ikibidi mbili. Seli zilizoanza kubadilika zina protini nyingi, zikiguswa na asidi zinakuwa nyeupe nzito yenye kingo za kuonekana. Na jicho likae kwenye ule mstari ambapo ngozi nyekundu inayotoka ndani inakutana na ya waridi ya nje. Weupe hafifu ulio mbali na mstari mara nyingi si kitu. Kinachoharibu ni haraka: foleni imefika nje, mtu anahesabu sekunde ishirini, anaandika "hasi". Cha pili ni taa. Mwanga wa manjano hukuonyesha waridi palipo na weupe.

KiooMezani
Kwenye taa umemaliza kila kitu.

TabibuWaPwani
Huku Mombasa sauti hiyo tumeipata pia, ila yetu inasema ugonjwa huletwa na sindano za uzazi wa mpango. Tuanze na chanzo. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na kirusi cha HPV, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, zinabeba takriban asilimia 70. Kirusi chenyewe ni cha kawaida sana, wengi waliowahi kujamiiana wamekutana nacho, na mwili hukifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Shida ni kile kinachogoma kutoka. Hapo hesabu miaka 15 hadi 20 mpaka saratani, na kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa, 5 hadi 10. Sigara huongeza hatari, kuzaa mara nyingi na kuanza mapenzi mapema vilevile. Vidonge vya uzazi vikitumiwa miaka mitano na zaidi huongeza kidogo, na hatari hiyo hushuka ukiviacha. Jini hayumo.

Mzee_wa_Hoja
Kwa hiyo kwa lugha nyepesi ni ugonjwa wa umalaya. Semeni tu.

TabibuWaPwani
Hapana ndugu yangu. Mke aliyeolewa bikira na hajatoka nje anaweza kukipata kwa mume wake, naye mume hana dalili yoyote. Kondomu hupunguza lakini haizuii yote, kwa sababu kirusi hukaa hata kwenye ngozi isiyofunikwa. Na wanaume hawana kipimo cha kawaida cha kuwachunguza. Sasa huyo malaya utamtafutia wapi?

Mzee_wa_Hoja
Nimeuliza tu, povu la nini.

Dada_wa_Mionzi
Acheni ubishi, ngoja niwaambie mwisho wa safari unavyokuwa, maana huku ndiko wanakoletwa.

Mara nyingi inaanza hivi. Mama ana miaka 45, anatokwa damu baada ya tendo. Anaona aibu kusema, kwenye duka la dawa anasema ana "maji machafu". Anapewa dawa ya fangasi. Miezi miwili, harufu imeongezeka, anapewa vidonge vya kuingiza ukeni. Mwezi wa tano anaambiwa ni UTI, anachomwa sindano. Mara zote hizo hakuna aliyemlaza na kumwekea spekula, na ukweli ni kwamba ingechukua dakika tano. Damu inakuja katikati ya mwezi, anaambiwa ni homoni, anakaribia kukoma hedhi. Mgongo unauma, mguu mmoja unavimba. Anafika na uvimbe uliopita sentimita nne ambao ukiugusa tu unamwaga damu. Hapo kazi ya kwanza si saratani, ni kujaza gozi (kitambaa cha kufungia vidonda) ukeni ili damu isimame, kuongeza damu, na kupima figo. Kwa nini figo? Uvimbe ukienda pembeni unabana mirija ya mkojo, mkojo unarudi nyuma, figo zinajaa maji. Wengi wakifikia hatua ya mwisho huuawa na figo. Tena figo zikilegea, dawa ya sisplatini tunayoitoa mara moja kwa wiki pamoja na mionzi haitoleki, kwa sababu yenyewe inaumiza figo. Kwa hiyo anabaki na mionzi peke yake: siku 25 hivi za mionzi ya nje, Jumatatu hadi Ijumaa, kisha ile ya ndani inayoingizwa hadi kwenye mlango wenyewe. Yote iishe ndani ya wiki nane. Nauli ikimwishia wiki ya tatu akarudi kijijini, uvimbe unapata nafasi ya kujijenga upya.

Damu baada ya tendo, damu kati ya hedhi, damu baada ya kukoma hedhi: usikubali dawa kabla ya spekula.

Mama_Tausi
🙏 Nimesoma mara mbili.

KiooMezani
Niongeze la Pap smia, kile kipimo cha seli zinazokwanguliwa kwenye mlango wa kizazi. Ukishapaka seli kwenye kioo, tia kwenye alkoholi ya asilimia 95 palepale. Si baada ya kumvalisha mama wala baada ya kujaza fomu. Zikikauka kwa hewa zinavimba na kufifia, anayesoma kwa hadubini haoni kitu, mama anaitwa upya. Wengi hawarudi.

NesiWaZamu
Na chupa ya siki andikeni jina! Kuna vituo vinaletewa asidi kali kabisa ya maabara, ambayo ni lazima uchanganye mililita 5 kwa 95 za maji. Chupa haina lebo, wa zamu ya asubuhi anadhani imeshachanganywa…

Mama_Tausi
Ee Mungu wangu. Halafu?

Mzee_wa_Hoja
Inaunguza??

NesiWaZamu
Inaunguza, ndiyo. Vidonda ukeni. Ndiyo maana huchanganywa ya siku hiyo tu, na nesi mwenye akili hudondosha kwanza tone mkononi mwake, akihisi mchomo anasimama. Siki ya dukani yenye asilimia 5 kwenye lebo haina mambo haya.

Mama_Tausi
Mimi siendi tena jamani 😭

Dada_wa_Mionzi
Utakwenda. Waulize tu "siki hii ni ya leo?" Watakuheshimu.

Chanjo_Mashinani
Mmehamia kwenye asidi, chanjo ya HPV mmeisahau. Tanzania ilianza kuchanja nchi nzima 2018, wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu 2024 ni dozi moja, miaka 9 hadi 14, nusu mililita kwenye msuli wa bega. Ndani hakuna kirusi hai, kuna ganda tu, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtoto wala kufunga uzazi wake.

Inapoharibika: kwanza ni baridi. Itunzwe nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Watu wanaogopa joto wanaibandika kwenye barafu, ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka usichome. La pili ni kuzimia. Msichana hajanywa chai, amesimama juani, anaona sindano anaanguka. Wa nyuma yake naye anaanguka, jioni video iko kila simu. Wakalishe kivulini, wachanjwe wameketi, wabaki dakika 15.

Mzee_wa_Hoja
Mbona hamuwachanji wakubwa kama ni nzuri hivyo?

Chanjo_Mashinani
Kwa sababu haitibu kirusi kilichokwisha kuingia. Inatakiwa iwahi. Scotland walipofuatilia waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 na 13, hawakukuta saratani hii hata kwa mmoja. Na aliyechanjwa bado atapimwa akikua, aina nyingine za kirusi zipo.

Mama_Tausi
Sasa kupima niende lini? Mmoja kaniambia siku ya kumi baada ya hedhi, mwingine siku yoyote.

NesiWaZamu
Siku yoyote usiyotoka damu. Siku mbili kabla, usijamiiane, usijisafishe ndani, usiweke dawa. Vaa gauni, suruali itakuchelewesha.

TabibuWaPwani
Anza miaka 30, mwenye VVU 25. Kipimo cha vinasaba vya HPV kikiwa hasi, rudi baada ya miaka 5 hadi 10, mwenye VVU 3 hadi 5. Ukipimwa kwa siki, miaka mitatu. Aliyekoma hedhi siki haimfai, ule mstari umeshaingia ndani hauonekani.

Mama_Tausi
Wakikuta weupe?

NesiWaZamu
Kama unaonekana wote na hauingii kwenye tundu, wanauchoma siku hiyohiyo kwa kifaa cha joto, nyuzi 100, sekunde 20 hadi 30. Au wanaugandisha kwa gesi: dakika tatu, pumzika tano, tatu tena. Gesi ikiisha katikati ni kazi bure, pima mtungi kabla. Ukiingia ndani, unakatwa kwa waya wa umeme. Baadaye maji yatatoka mwezi mzima, ni kawaida. Tendo hapana kwa wiki nne mpaka sita. Mwaka mmoja, rudi upimwe.

Mzee_wa_Hoja
Wiki sita! Mtuandikie cheti chenye mhuri sisi waume.

Dada_wa_Mionzi
Njoo naye siku ya kupima, cheti utapewa wewe.

Mama_Tausi
Na hiki cha kujipima mwenyewe na kijiti?

KiooMezani
Kipo, na kinaaminika. Usiguse pamba ya ncha. Ingiza kama sentimita 5, zungusha taratibu sekunde 20 hivi, tia kwenye kichupa, vunja mpini. Mashine ileile ya kifua kikuu inaweza kukisoma kwa kama saa moja. Ila jina liandikwe kwenye kichupa chenyewe, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.