MJADALA: Panya weupe na simbilisi banda moja, inawezekana au tunajidanganya?

Mlezi_Mbeya
Wakuu, habari za asubuhi. Kuna klabu ya wanyama ya shule ya msingi hapa Mbeya mjini ina panya weupe wanne (wale wa maabara, si wa darini) na simbilisi sita (guinea pig), jike watano na dume mmoja. Banda ni moja, mita 1 kwa mita 2. Wazazi wamegawanyika: wengine wanasema wote jamii moja, waachwe wacheze pamoja, wengine wanasema watenganishwe. Naomba hoja, si matusi.

Fundi_Uyole
Tenga leo, usingoje kesho. Banda la mita 2 unaligawa katikati kwa ubao au bati, si kwa wavu, maana kwenye wavu panya hupitisha meno na kukata vidole na masikio ya jirani. Upande wa simbilisi ukuta wa sentimita 45 unatosha, hawapandi. Upande wa panya lazima ufunike juu kwa wavu wa chuma wa nusu inchi. Wavu wa kuku ule wenye matundu makubwa sahau, panya mdogo anapita kama hakuna kitu. Mbao zote za chini zivishwe bati hadi sentimita 30, la sivyo wiki mbili tu wameshatoboa.

Kijana_Soweto
Mnakuza mambo jamani. Panya mweupe ni mpole kuliko paka. Utaratibu upo: chukua eneo ambalo ni geni kwa wote, usiku wa kwanza badilishana matandiko ili wazoeane harufu, kesho yake wakutanishe dakika 15 ukiwa umekaa hapo hapo, kila siku ongeza kidogo. Weka maficho yenye milango miwili ili asibanwe mtu kwenye kona. Halafu hao pimbi ni wakubwa mara tatu ya panya, nani atamwonea nani?

Mhehe_Kalenga
Pimbi?? Kamwene kaka, pimbi ni yule wa kwenye majabali. Panda jabali la Gangilonga pale Iringa ukamtafute vizuri kwanza. Hafugwi bandani, wala hata panya si ndugu yake, ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva. Mimba yake inakwenda miezi saba hivi. Simbilisi ni siku 68 tu. Mtu asiyejua mnyama anayemzungumzia atatufundisha kumwozesha na panya?

MamaK_Njombe
Wewe Mhehe punguza makali. Huku kwetu wengi wanaita pimbi na wanaelewana sokoni, jikoni na kwenye sahani. Jina ni la wenye mnyama.

Mhehe_Kalenga
Dada yangu, kwa mantiki hiyo na mimi nikimwita mbuzi ng'ombe, atatoa lita kumi?

Kijana_Soweto
Nimeuliza swali, nimejibiwa kwa tembo. Na hilo neno pimbi huku mjini ni tusi, nadhani ndugu yetu alifurahi kupata nafasi ya kuliandika.

Mhehe_Kalenga
Uliliandika wewe wa kwanza mkuu.

Dkt_Mifugo_Makambako
Naomba turudi bandani kidogo. Hoja ya ukubwa haina mguu. Simbilisi mzima ana gramu 700 hadi 1,200, wa kienyeji mara nyingi chini ya hapo. Lakini mtoto wake anazaliwa na gramu 60 hadi 100, na dume la panya mweupe linafika 400 au 500. Panya anakula nyama. Simbilisi akitishwa huganda alipo, hajui kupigana na kitu kinachoruka juu yake. Mwenye majike watano na dume banda moja atakuwa na watoto muda wowote.

Kubwa zaidi ni ugonjwa na dawa. Panya anaweza kubeba bakteria aitwaye Bordetella puani bila hata kupiga chafya. Kwa simbilisi huyo huyo ni nimonia, na Juni au Julai sakitu ikianguka huku juu, anakufa kabla hujamaliza kuuliza bei ya dawa. Na dawa yenyewe: panya akiumwa kifua watu wanatia amoksilini kwenye maji. Simbilisi akinywa maji hayo, bakteria wazuri wa utumbo wake wanakufa, wabaya wanabaki wakitoa sumu, anaharisha na ndani ya siku chache umemkosa. Ndugu zake amoksilini, yaani ampisilini na penisilini za kumeza, ni vivyo hivyo. Chupa moja ya maji kwa wanyama hawa wawili ni mtego.

Kijana_Soweto
Daktari nakuheshimu, ila hii tabia ya kumfanya panya ndiye mchafu kila mara ndiyo inayoniudhi. Pale Morogoro panya wanafundishwa kunusa mabomu na kifua kikuu, nchi nzima inajivunia. Mmoja mpaka Malkia wa Uingereza alimvika medali ya dhahabu.

Msafwa_Halisi
Malkia hakumvika mtu. Yule ni Magawa, alipewa medali mwaka 2020 na shirika la Uingereza la tiba ya wanyama, PDSA, kwa kazi ya kunusa mabomu ya ardhini Kambodia. Akafa Januari 2022. Alifundishwa na shirika la APOPO pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Fundi_Uyole
Na hakuwa panya mweupe. Alikuwa panya buku, zaidi ya kilo moja. Ukimtia buku na simbilisi banda moja, wazazi watakuja shuleni na mapanga.

Kijana_Soweto
Sikusema mtie buku. Nasema heshima.

MamaK_Njombe
Heshima ya panya 😂😂 Lindi 2022 homa ya mgunda ilitoka kwa nani?

Dkt_Mifugo_Makambako
Mama, hapo tuwe waangalifu. Homa ya mgunda husambazwa na mkojo wa wanyama wengi, panya wa porini na wa majumbani wakiwa mbele. Panya wa maabara aliyezaliwa bandani na hajakutana na wale wa darini si mtuhumiwa sawa. Ila akishakutana nao, imeisha. Ndiyo maana wavu wa Fundi una maana pande zote mbili: kuzuia wa ndani asitoke na wa nje asiingie kufuata pumba. Usiku chakula kinachobaki kiondolewe, pumba zikae kwenye ndoo yenye mfuniko.

Mdau_Tukuyu
Uswisi tangu 2008 sheria inakataza kumfuga simbilisi mmoja peke yake, lazima wawe wawili au zaidi. Kwa hiyo hata wenzetu wanatambua anahitaji rafiki. Kama shule ina simbilisi mmoja aliyebaki mpweke, panya si bora kuliko upweke?

Mhehe_Kalenga
Uswisi simbilisi ana sheria, huku ana sufuria.

MamaK_Njombe
Na chumvi.

Msafwa_Halisi
Mdau, sheria hiyo inasema rafiki wa jamii yake. Simbilisi na panya hawana lugha moja. Simbilisi anakaa kwa kuegemeana ubavu na kupiga kelele akisikia majani. Panya anawasiliana kwa kupanda mgongoni, kubinyana na kuachia matone ya mkojo kila anapopita. Anachoona panya ni mchezo, mwenzake anaona ni kushambuliwa. Tena panya yuko macho usiku mzima wakati simbilisi analala na kuamka kwa vipande vipande. Kila akisinzia anakanyagwa.

Kijana_Soweto
Sawa, wasilale pamoja. Lakini dakika 20 mchana, mtu mzima akiwa hapo?

Dkt_Mifugo_Makambako
Dakika 20 zinatosha kupiga chafya moja. Mtoto akitaka kushika wote wawili, aanze na simbilisi, anawe kwa sabuni, ndiyo aende kwa panya.

Fundi_Uyole
Na wageni wote wakae kando wiki mbili hadi tatu kabla ya kuunganishwa, hata simbilisi kwa simbilisi.

Mdau_Tukuyu
Chakula je? Nadhani kutenganisha banda ni gharama, ila chakula kinaweza kuwa kimoja. Pumba, mahindi, dagaa kidogo.

MamaK_Njombe
Hapo umegusa penyewe. Dagaa ni za panya. Panya anajitengenezea vitamini C mwilini, simbilisi hawezi, kama sisi. Mlishe pumba na mahindi tu, wiki mbili tatu anaanza kiseyeye: viungo vinavimba, hataki kutembea, fizi zinatoa damu, manyoya yanasimama. Watu wanasema amerogwa. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa siku, mwenye mimba mwekee 30. Kipande cha pera lililoiva cha gramu 10 kinatosha, au hoho mbichi gramu 25. Vidonge vya kuyeyusha kwenye maji ni kupoteza hela, mwanga unaviharibu siku hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya chakula iwe majani: mabingobingo yaliyokatwakatwa, majani ya viazi vitamu, maganda ya mahindi mabichi. Kabichi kidogo, inamjaza gesi.

Mhehe_Kalenga
Nakubali, ingawa anaitwa pimbi huko kwenu.

MamaK_Njombe
Mtani, hilo hulali nalo. Ila majani ya viazi mviringo usiwape hata siku moja! Huku Njombe ndiyo yanayowamaliza, mtu anatoka shamba na mzigo anaona ni majani ni majani. Ni sumu, na viazi vilivyogeuka kijani navyo.

Mlezi_Mbeya
Asanteni. Ubao wa katikati nimeelewa, chupa mbili za maji nimeelewa. Sasa mmenitia hofu nyingine. Uani shuleni kuna miparachichi, watoto wanawatupia majani yake kila mapumziko. Nayo vipi?

Dkt_Mifugo_Makambako
Acheni mara moja. Majani, magome na maganda ya parachichi yana sumu inayoshika moyo wa simbilisi na sungura.

Mlezi_Mbeya
Hata makavu? Ndiyo tunayotandika bandani.

Dkt_Mifugo_Makambako
Hata makavu. Toa yote, tandika nyasi kavu au maranda ya mbao zisizopakwa dawa. Na nani amekula mengi, tangu lini?