Nguo ya bwana arusi, walima wa jangwani: suti au kanzu?

Bwana arusi mtarajiwa, Mombasa kwa sasa

Assalam aleikum jamani. Naombeni msaada kabla sijagombana na mama. Mimi mzaliwa wa Kibokoni, kazi niko Dubai mwaka wa nne huu, na sasa niko nyumbani likizo ya wiki tatu tu. Nikaha in shaa Allah ni hapa Mombasa mwezi wa Januari, na hapo hakuna neno, ni kanzu, joho na kilemba, mambo yanajulikana. Shida ni wiki ya pili yake, walima, yaani karamu ya arusi, tunafanya Dubai kwa sababu watu wa mke wangu wengi wako kule, na yeye kachagua jangwani, Lahbab, ule upande wa barabara ya kwenda Hatta, watu waketi kwenye mazulia nje, hakuna ukumbi hakuna eisi. Kuanza saa tisa unusu, kumaliza saa nne usiku.

Mchumba keshanitumia picha arobaini za suti rangi ya mchanga. Mama ataka joho tena. Rafiki yangu asema suti nyeusi na tai ya kipepeo, eti ndo bwana arusi atambulike. Nataka nishone hapa hapa maana bei za mafundi wa Dubai mwazijua. Nivae nini nisiivie ndani ya nguo siku yangu mwenyewe?

Shemeji wa Arizona

Suti nyeusi usithubutu kaka. Mimi nilisimamia arusi ya jamaa yangu nje ya Tucson, Aprili, si hata kiangazi chenyewe. Suti tulikodi duka moja, silitaji, poliesta tupu na bitana ya poliesta ndani na kizibao juu, nusu saa ya picha nikahisi kama nimefungwa ndani ya thamosi. Tena kule kuna mmea wa miiba waitwa cholla, ukipita karibu tu vipande vyake vyang'oka na kunata kwenye suruali, tuliutoa mguuni kwa bwana arusi kwa kitana cha nywele mbele ya wageni. Dubai hiyo hamna alhamdulillahi. Lakini kilichonishangaza zaidi ni usiku, jua likizama tu nikaanza kutetemeka, na ile poliesta iliyolowa jasho mchana ikawa baridi mgongoni kama samaki. Kwa hiyo joto na baridi vyote viwili ufikirie.

Dada wa Sharjah

Huyo shemeji kasema kweli na nataka niendelee hapo, samahani itakuwa ndefu, nimeuza vitambaa Biashara Street miaka kabla sijaja huku na nimealikwa arusi tatu za mchangani.

Mdogo wangu, nyinyi nyote mwabishana suti au kanzu, na hakuna hata mmoja aliyetazama saa. Januari jua huku lazama kama saa kumi na mbili kasorobo. Yaani katika shughuli yako ya masaa sita na nusu, jua unalo masaa mawili na kidogo tu, mengine yote ni usiku. Na mchana wenyewe wa Januari ni nyuzi 24 hivi, Mombasa siku hizo ni 31, 32 na jasho la pwani juu yake, kwa hiyo kama utaweza kuvaa joho nikaha yako Mombasa bila kuzimia basi jangwa la Januari halikushindi. Ingekuwa Julai, nyuzi 42 na kuendelea, ningekwambia hamisha walima ndani tukaacha maneno. Lakini mchanga hauhifadhi joto, na hewa kavu haina kitu cha kulizuia, giza likiingia lapaa lote juu, saa tatu usiku waweza kuwa kwenye nyuzi 13 au chini ya hapo na umande waanza kushuka. Watu wa Mombasa tukisikia jangwa twafikiria jua tu, mimi arusi ya kwanza nilikwenda na buibui jepesi nikamaliza usiku nimejifunga zulia.

Sasa kitambaa. Poliesta kama alivosema shemeji, na kuna la zaidi, kwenye hewa kavu yashika umeme, hivo vumbi lote la Lahbab litakuja kukunata wewe. Na mchanga wa Lahbab si mweupe, ni mwekundu kwa sababu una chuma kilichoshika kutu, mzuri sana kwenye picha lakini kwenye kanzu nyeupe pepe waonekana kama umekaa kwenye pilipili. Chagua rangi ya maziwa au ya mkonge. Kitani, ile wauzaji waita lineni, chapumua vizuri lakini ukikaa kwenye zulia dakika kumi umekunjika kama karatasi ya maandazi, na wewe utakaa na kuinuka kusalimiana usiku kucha. Mimi ningechukua pamba nzito kidogo, au ile sufu nyembamba ya suti za nchi za joto, msicheke, sufu nyembamba yapitisha hewa na haikunjiki ovyo.

Na joho la mama, mwambie ahsante. Ingia mchana na kanzu na koti la rangi ya mkonge juu, mchumba apate picha zake. Mkishaswali magharibi vua koti vaa joho. Ndo kazi yake lile vazi, la sufu na manyoya ya ngamia, waarabu wa bara hawakulivaa kwa ajili ya picha. Msichanganye tu na lile jeusi jepesi alilovishwa Messi fainali ya Kombe la Dunia pale Lusail 2022, lile lapitisha mwanga hadi jezi yaonekana chini, ni zuri kwa ukumbi ila baridi halizuii.

Chini ya kanzu usivae kikoi. Upepo wa jioni kule hauna adabu. Vaa suruali ya pamba.

Bwana arusi mtarajiwa

Dada Mungu akuweke. Swali moja, viatu? Niliwaza vya ngozi vya kufunga kamba.

Dada wa Sharjah

Vitajaa mchanga hatua ya tano na hutaweza kuvua mbele ya wakwe. Makubadhi. Wakung'uta mguu wakwenda.

Ami wa Bondeni

Wanangu salaam. Mimi siko ughaibuni, mwanangu yuko Jeddah ndo alonitia humu, lakini nimeshona kanzu tangu ujana wangu niruhusuni maneno mawili.

Wewe bwana arusi, hiyo pamba kabla haijakatwa iloweshwe usiku mmoja na ianikwe. Fundi akikwambia haina haja, basi huyo ana haraka ya pesa yako, itarudi ndani ukifua mara ya kwanza na wewe ushapiga darizi ya shingoni, itavutika. Urefu mwambie aishie juu ya kifundo cha mguu vizuri, kwa mchangani ongeza vidole viwili zaidi juu. Kofia kama ni ya vito usisubiri, ile yatobolewa tundu kwa tundu kwa mkono, miezi, wiki zako tatu hazitoshi, tafuta iliyo tayari na iwe yabana kidogo kwa sababu ya huo upepo mnaosema.

Joho lisikunjwe zari juu ya zari, ile nakshi ya nyuzi za dhahabu. Tia kitambaa cha marekani nyeupe iliyofuliwa katikati, ulibebe mkononi ndani ya ndege usilitupe kwenye sanduku. Na usilipake mafuta ya udi wala manukato, zari yageuka nyeusi. Lifukize, latosha. Jambia la babu yako wacha nyumbani, picha nalo piga siku ya nikaha, usiende kuelezana na watu wa uwanja wa ndege.

Shemeji wa Arizona

Ami ningekupata wewe kabla ya lile duka.

Bwana arusi mtarajiwa

Haya, marejeo. Nimenunua pamba rangi ya maziwa Biashara Street leo asubuhi, imelowekwa kwenye beseni sasa hivi navoandika na mama kaikalia kiti asije mtu akaimwaga. Koti la sufu nyembamba fundi kasema siku nane, najua ni kumi na mbili. Makubadhi nimepata. Joho mama karidhika kwa sharti moja, kwamba litoke magharibi na si dakika baada ya magharibi, na yeye ndo atakayenivisha.

Mchumba kasoma maneno yenu yote kisha akaniuliza, sasa visigino vyangu vya inchi nne vitakwenda vipi mchangani? Dada wa Sharjah uko?